Dakika Zilikopotelea: Kuutazama Upya Msimu wa Baiskeli za Milimani

Ndugu waendesha baiskeli, asanteni kwa kuitika. Msimu umekwisha, na kila mmoja anauliza afanye mazoezi gani ili mwakani asogee mbele. Kabla ya hapo, chukua karatasi. Andika kila shindano ulilokimbia, na kando yake kila mara ulipoweka mguu chini, na kwa nini. Sisi wa ridhaa tunajinyima miezi mitatu ili kupunguza dakika mbili, kisha pancha moja inatula nane.

Nianze na matairi, maana huko ndiko karatasi nyingi hujaa. Tuchukue mbuga ya Hell's Gate, pale Naivasha: vumbi la volkano, mawe makali, miiba ya migunga. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,880 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Anayetoka Mombasa na paundi 22 (za upepo kwa inchi mraba, psi) kwenye tairi atafika akute geji inasoma karibu 25, bila kupiga pampu hata mara moja, kwa sababu hewa ya nje inayolibana tairi imepungua. Paundi tatu si kidogo. Tairi litadunda juu ya mawe na kuteleza kwenye kona. Pima hapo hapo, asubuhi ya shindano. Kwa mtu wa kilo 75 na tairi la inchi 2.3 lisilo na tyubu, anza na 20 mbele na 23 nyuma, halafu rekebisha paundi moja moja. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza.

Silanti, ile gundi ya majimaji inayoziba pancha ndani ya tairi, hukauka. Tairi la inchi 29 linataka mililita 100 hadi 120, na kwenye joto baada ya miezi miwili huwa imebaki ngozi tu. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, hakuna kinga. Mwiba uliokwama bila kuvujisha upepo, uache hadi umalize.

Na hapa ndipo watu wanapoumia. Tundu likishinda silanti na utambi (kile kizibo cha uzi kinachosukumwa ndani ya tundu), mtu anatia tyubu haraka, anajaza, na baada ya mita 200 amekaa chini tena. Ile miiba midogo iliyokuwa imezibwa na silanti bado imechomoza ndani ya tairi, nayo tyubu haina silanti. Kabla ya kutia tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kishikwe na kila ncha, uzing'oe zote. Beba pia koleo ndogo: vali ya tairi lazima itoke ili tyubu iingie, na nati yake iliyokazwa kwa nguvu na kushikwa na gundi haifunguki kwa vidole vyenye jasho.

Mnyororo una hesabu yake. Viungo 24 vya mnyororo mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano, vina urefu wa milimita 304.8. Ukifika 306.3, kwa gia 11 au 12, badilisha. Ukichelewa, mnyororo mpya utaruka meno ya kaseti (ile seti ya gia za nyuma) iliyokwisha kulika, tena mlimani, unapokanyaga kwa nguvu zote. Mafuta mazito yakichanganyika na vumbi la Naivasha huwa kama msasa. Tia tone moja kwa kila kiungo, usiku wa kuamkia shindano, kisha futa nje mpaka kitambaa kisichafuke. Kiungo cha akiba kiwe cha idadi ya gia zako. Cha gia 11 hakifai mnyororo wa 12.

Sasa mwili. Hewa ile ile iliyopandisha geji ndiyo inayokupa oksijeni pungufu kwa moja ya tano katika kila pumzi. Wengi huondoka kwa kasi ya pwani ili wawahi njia nyembamba, ambako kupitana ni vigumu, na dakika ya kumi miguu imejaa asidi. Kuwahi njia nyembamba kuna maana, nakubali, lakini panga kasi ambayo bado unaweza kusema sentensi fupi ukifika juu ya kilima cha kwanza.

Shindano likizidi saa moja na nusu, kula gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 20, kabla njaa haijabisha hodi. Chupa ya mililita 500 yenye vijiko saba vya chai vya sukari na robo kijiko cha chumvi inatoa karibu gramu 30. Ndizi mbivu ya wastani inakaribia hapo hapo. Chupa moja na ndizi moja kwa saa, basi. Na jua likiwa kali, ongeza chupa ya maji matupu. Menya ndizi mapema uifunge kwenye karatasi laini, kwani kwenye mteremko wa mawe huna mkono wa pili.

Breki nitazigusa tu: pedi ikibaki chini ya milimita moja ya sehemu inayosugua, itupe. Na baiskeli itakayolala wakati wa masika, isafishe silanti yote sasa, kabla haijaganda ndani ya vali.