Kabla Hujainuliwa Nyusi

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote juu ya upasuaji wa kuinua nyusi, kila mmoja aweke kiganja kwenye paji la uso. Haya, inua nyusi kama mtu aliyetajiwa bei ya nyama. Umeusikia msuli unavyopanda? Kazi ya kuinua nyusi ni yake peke yake. Inayozivuta chini iko mingi: ile ya kukunjia uso, na ule unaolizunguka jicho. Umri ukisonga na ngozi ikalegea, wale wengi wanashinda.

Nyusi zikishuka, zinaelemea kope. Mzee haoni vizuri juu na pembeni, basi paji lake linashinda likizibeba. Ile mikunjo mnayoiita ya uzee mara nyingi ni kazi ya msuli huo. Wengine unyusi mmoja ulishuka baada ya uso kupooza. Na wapo wanaotaka tu kurudisha ujana. Siwacheki, lakini kisu hakibagui mwenye haja na mwenye hamu.

Njia ya zamani hupasua ngozi ya kichwa toka sikio hadi sikio, ndani ya nywele, ikavutwa nyuma na ziada ikakatwa. Mwenye paji pana anatoka na pana zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ipo ya kamera ndogo inayoingizwa chini ya ngozi, yenye mipasuo michache midogo nyweleni. Ipo pia ya kukata ngozi juu tu ya unyusi. Hiyo huwafaa wenye upara, ila kovu linabaki usoni.

Sasa hatari, na hapa tukae kidogo. Gusa panja. Chini ya ngozi hapo inapita neva nyembamba inayoamrisha paji. Ikivutwa sana, unyusi unaweza kulala wiki kadhaa, hata miezi. Ikikatwa, huenda usiamke tena. Mtu kaja kuinuliwa nyusi mbili, anarudi na moja. Halafu papasa ukingo wa mfupa juu ya jicho, upande wa pua. Hapo hutoka neva za hisia zinazopanda kuelekea utosini. Zikiumia, ngozi ya kichwa inakufa ganzi, au inawasha, na ukikuna hupati nafuu kwa sababu haisikii kucha.

Kuna damu kuvilia, kidonda kutunga usaha, nywele kunyonyoka kwenye mshono, nyusi kutolingana, na ile sura ya mtu aliyeshtuliwa. Kama ulishawahi kupunguzwa ngozi ya kope, sema mapema: ukivutwa tena, jicho linaweza lisifunge sawasawa usiku, likakauka na kuchubuka. Dawa za kulainisha damu zitaje zote, aspirini ikiwemo. Sigara acha wiki kadhaa kabla, maana inanyima kidonda damu.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna letu la ziada, keloidi. Angalia pale ulipotoboa sikio au ulipochanjwa. Kovu lililovimba likapita mipaka ya kidonda, mwonyeshe daktari kabla hamjapanga siku.

Naam, mama wa nyuma pale, naona umeshashika sikio. Uliza.