Mchezaji Anafika Uwanjani na Siku Yake Nzima

Walimu wenzangu, viongozi wa michezo wa serikali ya wanafunzi, na nyinyi wachezaji, asanteni kwa kuja.

Nimefundisha mpira wa wavu chuoni miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa na neno moja tu kwa mchezaji aliyepwaya mazoezini: hajitumi. Nilikosea. Jioni moja seta wangu, yaani anayemwinulia mshambuliaji mpira, binti mwenye mikono laini kuliko wote niliowafundisha, alikuwa akipanga mipira mifupi isiyomfikia mshambuliaji. Nikampa adhabu ya raundi tano. Ya tatu akakaa chini. Nilipomuuliza amekula nini, akasema chai ya rangi, asubuhi. Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, na saa nane mpaka saa kumi alikuwa maabara.

Tangu siku ile swali la chakula ndilo linalotangulia mazoezi yangu. Kuruka na kuchupa, yaani kujirusha chini kuokoa mpira, kwa saa mbili huchota sana akiba ya wanga mwilini, ile itokanayo na ugali, wali na viazi. Wavu wa wanawake uko mita 2.24, wa wanaume mita 2.43, haushuki kwa kuwa mtu hajala.

Usingizi nao. Mwaka 2011 watafiti wa Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu wa chuo hicho. Walipotakiwa kukaa kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa, mbio zao ziliongezeka kasi, na mitupo huru ikaboreka kwa asilimia 9. Ni kikapu, tena ni watu wachache, lakini mimi naamini. Aliyekesha na testi nimemwona: servisi inakuja, yeye anasogea mpira ukishapita.

Viwanja nitavigusa kidogo. Vyetu vingi ni vya sementi. Mtu hachupi kwa sababu anaijua sementi, nasi tunamwita mwoga. Kuruka juu ya sementi kunaumiza pia kano iliyo chini ya pia ya goti, kwa hiyo napunguza kuruka, naongeza mazoezi ya kupokea.

Viongozi, kabla ya jezi mpya, tengeni fedha ya ndizi na maji ya saa kumi. Na mnapopanga ratiba ya mazoezi, ratiba ya mitihani iwe mezani.