Dedilifti Nyumbani kwa Uzito Mwepesi: Mkao Kwanza, Kilo Baadaye

Dedilifti ni zoezi la kunyanyua uzito kutoka chini mpaka usimame wima. Si kuchuchumaa, wala si kuinama kama mtu anayeokota sindano. Nyonga ndizo zinazorudi nyuma na kuja mbele. Kazi ya mgongo ni kutulia tu. Kwa hiyo usiguse kilo yoyote bado. Chukua mpini wa fagio.

Uweke wima mgongoni, mkono mmoja umeushika nyuma ya shingo, mwingine kiunoni. Uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifupa cha mwisho cha uti wa mgongo. Legeza magoti kidogo, kisha peleka makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa mizigo. Ukijitazama kwa ubavuni, kifua kinashuka, mpini bado umegusa kote. Mpini ukiachana na kifupa cha chini, basi mgongo umepinda. Simama, anza tena. Fanya mara 10, mpaka misuli ya nyuma ya mapaja ivutike.

Sasa leta dambeli mbili, yaani vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono; za kilo 5 kila moja zinatosha. Na hapa ndipo wanaofanyia nyumbani huumia bila kujua sababu. Pleti kubwa za jimu, yaani sahani za uzito zinazovikwa kwenye ncha za chuma kirefu, zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hicho hukaa kama sentimita 22 kutoka sakafuni. Dambeli yako imelala chini zaidi, na ukiifuata huko kiuno kitapinda tu. Ipandishe juu ya matofali au maboksi magumu yasiyobonyea, moja kila upande, mshikio ufike katikati ya muundi.

Vua viatu, raba zenye soli laini hudidimia na kukuyumbisha. Miguu iwe upana wa nyonga, mishikio ilingane na pale unapofunga kamba za kiatu. Nyonga nyuma, kunja magoti mpaka mikono ifike. Mikono ni kamba tu, usiikunje. Bana makwapa kama umeficha gazeti. Vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo kama unayesubiri ngumi.

Usivute kwa kushtukiza. Sukuma sakafu kwa miguu, kifua na makalio viinuke pamoja. Makalio yakitangulia, mara nyingi ni kwa sababu ulianza umechuchumaa mno. Safari ijayo anza na nyonga juu kidogo. Ukifika juu bana makalio, simama wima, basi. Kule kujipinda nyuma kwa mbwembwe kunabana kiuno bure.

Kushuka, hesabu hadi 3. Nyonga zianze kurudi, dambeli zishuke karibu na mapaja, na zikishapita magoti ndipo uyakunje zaidi. Fanya seti (mizunguko) 3 za mara 8, pumzika dakika moja na nusu kati ya seti.

Uzito mwepesi una ujanja wake: unaweza kuunyanyua vibaya wiki nzima na usisikie lolote. Kwa hiyo simamisha simu ubavuni, kimo cha nyonga, ujirekodi. Linganisha mara ya kwanza na ya mwisho kwenye seti ya tatu. Zikifanana, ongeza kilo 1 au 2 kila mkono. Zikitofautiana, baki hapo hapo. Maumivu makali ya kiuno, au yanayoteremka mguuni, hayangoji seti iishe: weka chini, umwone daktari.