Springi za Kushusha Gari: Pima Nafasi Kwanza

Mafundi wenzangu, na ninyi wenye magari mliofika, karibuni. Nimeona yaliyoegeshwa nje: Crown, Mark X, Impreza, IST. Wengine mnataka kushusha, wengine mmeshashusha na mnasikia kelele. Nianze na hawa wenye kelele.

Kijana mmoja aliniletea Mark X kutoka Goba. Springi za mbele zilikuwa zimekatwa kwa grainda, raundi moja na nusu kila upande. Nikapiga jeki, gurudumu likaning'inia, na springi ikalegea kabisa kwenye kikalio chake. Nikawa naizungusha kwa vidole viwili. Na kwa njia za kule, gurudumu huning'inia kila linapovuka korongo, springi inalegea na kugonga: kelele ndiyo hiyo. Niliumia, kwa sababu amekuwa akibeba familia humo.

Tupige hesabu tuone ilikuwaje. Chukueni kona moja ya gari inayobeba kilo 350 juu ya springi, na tuseme springi ya kiwandani inahitaji kilo 3 ili ibonyee milimita 1. Gari likisimama, imebonyea karibu milimita 117. Sasa weka springi ngumu zaidi, ya kilo 3.6 kwa milimita. Hiyo itabonyea 97 tu. Ingekuwa na urefu uleule, gari lingepanda milimita 20! Kwa hiyo anayetaka lishuke 30 lazima aunde springi iliyo fupi kwa milimita 50. Lakini shokapu ikinyooka zaidi ya zile 97, springi haishikwi tena na kitu. Mtengenezaji anayejua kazi huhakikisha hilo halitokei kwenye gari lako. Grainda haipimi.

Anayekata hudhani amepunguza urefu peke yake. Raundi zikipungua, springi inakuwa ngumu pia, maana waya wa kujisokota umebaki mfupi. Ila ugumu huo hakuna aliyeupanga. Na wale wanaopasha springi kwa gesi hadi ikae, nawaomba sana waache. Chuma kile kilipikwa kiwandani kwa kipimo, na ukikichoma tena ukakamavu unaondoka na gari litaendelea kuzama.

Sasa tuje kwenye nafasi. Tuseme gari lako lina milimita 70 za kubonyea kabla shokapu haijagonga stopa, ile raba ya ndani. Umeshusha 30, zimebaki 40. Ndiyo sababu springi nzuri ya kushusha huongezwa ugumu kidogo, ili nafasi ndogo iweze kubeba pigo lilelile. Lakini fikirieni safari ya Desemba kwenda Moshi. Abiria watatu nyuma, mabegi, gunia la nazi: springi mbili za nyuma zimeongezewa kilo 240, yaani 120 kila moja. Kwa springi ya kilo 3.6, hapo unazama milimita 33. Zimebaki 7 kwa matuta yote kuanzia Kimara hadi Moshi.

Kwa hiyo msiniulize kwanza springi gani ni kali. Kapimeni. Vueni kifuniko cha vumbi cha shokapu, fungeni kamba ya plastiki ya nyaya kwenye ile fimbo inayong'aa, isukumeni hadi ikae juu ya mwili wa shokapu. Kisha endesheni wiki nzima njia zenu za kawaida, na siku moja mjaze watu. Kamba itasukumwa juu na kubaki pale fimbo ilipozama mwisho. Ikiwa tayari iko karibu na stopa na springi za kiwandani, gari hilo halina nafasi ya kukupa.

Maoni yangu kwa jiji hili la Dar es Salaam: anayeishi na kufanya kazi kwenye lami, milimita 20 hadi 30 zinamtosha. Mwenye njia ya vumbi Madale au Goba, masika ikikata barabara, aliache gari lilivyo. Zaidi ya 40 sikufungii. Hata Japani, pamoja na lami yao, gari la kawaida halipiti ukaguzi likiwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini.

Na kushuka sana hakuleti utulivu mnaoutarajia. IST na Impreza mbele zina shokapu iliyoshika gurudumu moja kwa moja, na mkono wa chini. Mkono ule ukishapinduka, upande wa gurudumu ukawa juu kuliko upande wa bodi, ile nukta ambayo gari hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari. Gari linazidi kutaka kulala, na tairi zinaliwa upande wa ndani.

Kuhusu kununua, iwe Tein, RS-R au Eibach, angalieni namba ya chesisi kabla ya jina la gari. Mark X ya GRX120 ni lita 2.5 na GRX121 ni lita 3.0, uzito wa mbele haulingani. Namba kwenye springi ilingane na ya boksi. Za mtumba, ziosheni na mtafute kutu na nyufa. Shokapu iliyochoka msiifungie springi mpya, gari litarukaruka.

Jambo moja nalikuta karibu kila gereji: boliti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya magurudumu, zinakazwa gari likiwa hewani. Bushi inashikwa ikiwa katika mkao wa kuning'inia, gari likishuka inasokoteka na kubaki hivyo, na baada ya muda mfupi inachanika. Fungeni kwa kulegeza, shusheni gari likae kwa uzito wake, ndipo mkaze. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, na taa za mbele zielekezwe upya.

Haya, leteni ile Crown na kamba mbili. Mwenye gari aje ashike tochi, tuanze na gurudumu la mbele kushoto.