Kupima Alternata Nyumbani Bila Kuchomoa Betri

Mabibi na mabwana,

Naomba nianze na desturi ambayo wengi wetu tumeiona gereji: gari linawashwa, fundi anachomoa tamino ya betri huku injini ikinguruma, na injini isipozimika anatangaza kwamba alternata, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri, ni nzima. Desturi hiyo tumeirithi tangu enzi za dainamo, wakati gari halikuwa na kompyuta ya kuungua. Betri, mbali na kuhifadhi umeme, hutuliza volti. Ikiondolewa ghafla wakati alternata inazalisha, volti zinaweza kuruka kwa kitambo kifupi mno hata kuvuka 100, zikaunguza dayodi zinazonyoosha umeme wa alternata, kidhibiti cha volti ambacho mafundi hukiita rekuleta, na hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari.

Kipimo cha kweli hufanywa betri ikiwa imefungwa mahali pake. Gari liwe nje, kwa kuwa moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Hendibreki iwe juu na gia iwe nyutro au P. Ushungi, tai na mikono mirefu ya kanzu vikae mbali na mkanda, na sigara izimwe, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Mita ya umeme (multimita) iwekwe kwenye volti za DC, yaani umeme wa aina ya betri, kipimo cha 20, na ncha zake ziguse tamino mbili za betri. Kabla ya kuwasha, betri iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, ikiwa chini ya 12.4 ichajiwe kwanza, la sivyo udhaifu wake utasingiziwa alternata. Injini ikiwaka, tutarajie kati ya 13.8 na 14.7. Hapo wengi huishia, nao hukosea, kwa sababu alternata mgonjwa huweza kusoma vizuri isipobebeshwa mzigo. Washeni taa kubwa na feni ya kiyoyozi, injini ipandishwe kidogo, kisha msome tena: zikishuka chini ya 13 na kubaki hapo, pana kasoro, zikizidi 15, mshukieni rekuleta.

Hata hivyo, msikimbilie kununua alternata. Pimeni volti kati ya nguzo ya chanya ya alternata na tamino ya chanya ya betri, injini ikiwaka na mizigo ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi 0.3, huenda kosa ni waya ulioliwa na kutu. Nguzo hiyo ina umeme wa betri wakati wote, kwa hiyo spana isiiguse pamoja na bodi. Tena, baadhi ya magari ya Kijapani hupunguza uchaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na 12.8 ndani yake si ugonjwa iwapo volti hupanda taa zinapowashwa.

Ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya, msizipime kwa tundu la 10 la mita ya kawaida, kwani alternata ya gari dogo hutoa 60 na zaidi. Kazi hiyo ni ya mita ya kubana waya.