Mdudu Gani Anabungua Mbao Zako? Msome kwa Tundu na Unga Wake

Karibuni. Leo tunashika tochi, rula, bisibisi nyembamba, lenzi ya kukuzia na karatasi nyeusi. Dawa iache kwanza. Wengi wakiona tundu kwenye kabati hukimbilia kupulizia, kumbe mdudu alishaondoka siku nyingi, au aliyemo ni mchwa, na mchwa wana utaratibu wao kabisa.

Kabla hatujaanza, shika hili. Tundu unaloliona juu ya ubao mara nyingi ni mlango wa kutokea. Mbawakawa jike hutaga kwenye nyufa na vinyweleo (vitundu vidogo mno) vya mbao. Buu akianguliwa huzama ndani, akatafuna humo kwa miezi au miaka, kisha hugeuka mbawakawa na kutoboa njia ya kutoka. Mharibifu ni buu, na huyo humwoni. Ndiyo maana tunasoma alama zake.

Hatua ya kwanza, geuza samani. Usihangaike na uso uliopigwa vanishi, kwani mbawakawa hupendelea kutaga pasipopakwa kitu: chini ya meza, mgongoni mwa kabati, ndani ya droo, kwenye maungio. Ilaze tochi hivi, mwanga upite ubavuni mwa ubao. Ona, hata tundu dogo kabisa linatoa kivuli.

Hatua ya pili, weka rula. Tuanze na matundu ya duara ya milimita 1 hadi 2. Hapa tutakaa kidogo, maana wadudu watatu tofauti huacha tundu la ukubwa huu. Tandika karatasi nyeusi, gonga ubao taratibu, unga udondoke. Sasa usugue kwa vidole.

Ukiwa laini kama poda, bila chenga hata moja, huyo ni mbawakawa wa jamii ya Lyctus. Anafuata wanga, kwa hiyo hula ile sehemu changa ya nje ya shina, tena ya mbao ngumu zenye vinyweleo vipana. Moyo wa mti hana haja nao, na mbao za msonobari hazigusi. Ukikuta tundu dogo kwenye msonobari, mtoe huyu kwenye orodha yako.

Ukisikia chengachenga vidoleni, mshuku mbawakawa wa samani, Anobium punctatum, anayesumbua zaidi nchi za baridi. Huyu hachagui mbao laini wala ngumu, na hustawi penye unyevunyevu. Buu wake anaweza kukaa ndani miaka kadhaa.

Na kama hakuna unga, ila kingo za tundu zimepiga weusi? Furahi. Mdudu huyo aliingia gogo likiwa bichi, akaotesha kuvu ndani ya mifereji yake na kuila. Mbao zikikauka, kuvu hufa na yeye hana chakula. Hapo dawa ni hasara tupu.

Tusonge kwenye matundu makubwa. Milimita 3 hadi 6, na unga umeshindiliwa ndani ya mifereji: ni jamii ya Bostrichidae, ambao hata mbawakawa mzima hutoboa kuingia. Tundu la umbo la yai, milimita 6 hadi 10, kwenye boriti za msonobari: ni mbawakawa mwenye papasi (vipapasio vya kichwani) ndefu, Hylotrupes bajulus. Tega sikio kukiwa kimya, mabuu wake husikika wakikwangua. Tundu la duara kamili, la milimita 12 hivi, na vumbi nene la mbao chini yake: ni nyuki mkubwa anayetoboa mbao. Yeye hali mbao, anatengeneza kiota.

Hatua ya tatu, hakikisha si mchwa. Mchwa wa ardhini huacha mirija ya udongo ukutani, na ukikwangua ubao unakuta ndani kuna udongo na uwazi. Mchwa wa mbao kavu hawana udongo. Wao husukuma nje vinyesi vigumu vya takriban milimita 1. Viweke chini ya lenzi: kila kimoja kina pande sita. Ukiviona hivyo, acha habari ya mbawakawa.

Hatua ya nne ndiyo inayookoa pesa: je, bado wapo? Tundu jipya lina kingo safi na rangi ya mbao mbichi. La zamani limefifia na kuingia vumbi. Lakini unga peke yake usikudanganye, maana ukisogeza kabati, hata mifereji ya zamani humwaga. Safisha kila kitu, gundisha karatasi nyembamba juu ya sehemu yenye matundu, andika tarehe, na uikague mara kwa mara kwa mwaka mzima, hasa majira ya joto. Karatasi ikitobolewa, wapo hai.

Mwisho, sukuma bisibisi kwenye sehemu iliyobunguliwa. Ikigoma, ubao bado una nguvu. Ikizama kirahisi na hiyo ni boriti ya paa, usimruhusu mtu kupanda huko juu mpaka fundi aikague.