Kumchagulia mzee joho la kuogea: twendeni dukani Bursa

Shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo vipi. Karibuni tena Bursa, Uturuki. Leo najibu swali ambalo mmeniuliza wengi: "Kaka, nataka kumletea mzee joho la kuogea, lipi zuri?" Nimeona nilijibu nikiwa dukani kabisa, na mwenye duka ameniruhusu kurekodi, Mungu ambariki.

Huku joho hili la kuvaa ukitoka kuoga wanaliita bornoz, na mji huu umelizoea kweli. Bursa ina chemchemi za maji ya moto. Ukipanda mtaa wa Çekirge unakuta mabafu ya tangu enzi za Waosmani, na penye bafu taulo haikosi. Taulo hizi zenye vitanzi vya uzi, Mwingereza Henry Christy alizikuta huku Uturuki akazipeleka kwao, wakatafuta namna ya kuzifuma kwa mashine, na mwaka 1851 zikaonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London. Siku hizi mkoa unaosifika zaidi kwa taulo na majoho ni Denizli, kusini-magharibi. Hata bwana harusi wa huku, kwenye kifurushi anachopelekewa na upande wa bibi harusi, mara nyingi utakuta pajama, ndara na bornoz. Ni zawadi ya heshima, kwa hiyo wazo lenu la kumpelekea mzee ni zuri mno.

Sasa kabla hujauliza bei, jiulize mzee anaishi wapi. Kama yuko Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, mchukulie la taulo, zito, maana asubuhi ya kule mnaijua wenyewe. Ukiona kwenye lebo gramu 400 kwa mita ya mraba, hilo ni zito la kutosha. Lakini kama mzee yuko Tanga, Mombasa au Dar, tafadhali usimbebeshe mzigo huo. Atalivaa mara moja litamchemsha, na msimu wa mvua halitakauka. Huyo mchukulie hili hapa, ngoja nilisogeze kwenye kamera. Mnaona kitambaa kilivyo na vijumba-vijumba kama sega la nyuki? Ni jepesi, linapitisha hewa, linakauka haraka, na halijazi sanduku. La taulo la mwanaume mnene linaweza kukaribia kilo moja na nusu, na nyote mnajua kilo za ndege zinavyotutesa.

Jambo la pili ni kitambaa, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa macho. Shikeni hili la manyoya-manyoya. Laini sana, mkono hautaki kutoka. Ni poliesta. Nimeomba maji kidogo, angalieni: nadondosha tone hapa, limekaa juu, linateleza. Sasa nadondosha kwenye hili la pamba, ambalo mwenye duka ameshalifua ili wateja walijaribu. Tone limezama. Joho la kuogea kazi yake ni kunywa maji mwilini. La poliesta litampa mzee joto akiwa amekaa sebuleni, sawa, ila akitoka bafuni litamwacha na unyevunyevu mgongoni. Halafu poliesta ikipata moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa mzee anayependa kukaa karibu na jiko la mkaa, mimi sikubali kabisa. Tafuteni maandishi haya: %100 pamuk. Ni pamba tupu.

Kuna pia la mahameli, ambalo vitanzi vya nje vimekatwa vikanyolewa. Linapendeza mno kwa macho. Hakikisha tu upande wa ndani vitanzi vipo, kwa sababu huo ndio unaogusa mwili.

Nije kwenye vipimo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wanalipima joho wamesimama mbele ya kioo. Kaa chini! Mimi nakaa hapa kwenye stuli, oneni: hili limefunguka mapajani. Mzee akiwa nalo sebuleni, mkwe akabisha hodi, atafanyaje? Sasa nimevaa saizi moja juu yake. Nimekaa, na upande mmoja bado umelala vizuri juu ya mwenzake. Heshima ya mzee ipo hapa, kwenye hii nafasi ya kupishana. Kwa hiyo mzee mwenye kitambi pimeni tumbo, msipime mabega peke yake. Na yale yaliyoandikwa saizi moja kwa wote, achaneni nayo.

Urefu uishie katikati ya muundi. Likifika kwenye vifundo linamkwaza kwenye ngazi na kwenye sakafu ya bafu yenye maji. Mikono isizidi kifundo cha mkono, au iwe ya kukunja, isije ikaingia kwenye chai au kwenye moto. Angalieni na vishikizo vya mkanda hapa kiunoni: vivuteni kwa nguvu, kama vimeshonwa kwa mshono mmoja mwembamba vitang'oka. Mengine yana kamba ndogo ndani ya kufungia ubavuni. Likiwa nayo, chukua bila kusita. Kofia ni nzuri kwa baridi ya Makete, ila inachelewa kukauka. Mzee wa pwani mpeni lenye kola ya kawaida.

Mwisho, mkishamfikishia, lifueni kabla hajalivaa, kwa sababu likiwa jipya huwa bado na dawa ya kiwandani, halinywi maji vizuri. Na msitie kile kilainishi cha nguo chenye harufu nzuri, kinapaka nyuzi utando, halafu mtaniambia pamba ya Uturuki mbaya. Sabuni ya kawaida, lisuuzwe sana, likung'utwe kwa nguvu ili vitanzi visimame, lianikwe penye upepo.

Nitumieni kimo cha mzee, mzunguko wa tumbo lake na mji anaokaa, nami nitawaambia saizi.